Baruti isiyopenda kufungiwa: jibu kwa anayejaza risasi nyumbani

"Shikamoo mwalimu. Kwetu ni Sikonge, Tabora, ila nina mwaka wa saba hapa Texas. Babu alikuwa mwindaji wa gobore. Nimekua nikimwona akimimina baruti kutoka kwenye pembe, anakadiria kwa kiganja, anashindilia, basi. Huku nimeanza kuwinda nguruwe pori na rafiki wa kazini. Risasi ni ghali, nikanunua vifaa vya mtumba nijaze mwenyewe, za bunduki yangu ya .30-06 na za bastola ya 9 mm. Aliyeniuzia ni mjane, vifaa vilikuwa vya marehemu mumewe, akaniongezea makopo matatu ya baruti: moja limeandikwa IMR 4895, la pili H4895, la tatu limebaki nusu na halina lebo. Baruti ya bastola nilinunua mpya dukani. Mke wangu hana amani, anasema nyumba italipuka na watoto ndani. Ili atulie nimeyafungia makopo yote kwenye sanduku la chuma la jeshi, lile lenye mpira kwenye mfuniko, nikaliweka gereji karibu na tangi la maji moto. Je, hapo ni salama? Na kwa kuwa makopo mawili ni namba moja, naweza kuyachanganya? Hilo lisilo na lebo nitajuaje ni baruti gani? Halafu jambo dogo: Jumamosi risasi moja ya bastola katika zile nilizojaza asubuhi, huku nikiangalia Simba na Yanga kwenye simu, ililia kinyonge, 'pu', na bastola haikujikoki. Giza lilishaingia, nikaifunga kwenye mkoba wake. Itakuwa baruti ilipata unyevu?"

Marahaba. Naanza na hilo ulilolitaja mwisho ukaliita dogo, maana katika yote uliyoniandikia ndilo linaloweza kukukata vidole wiki hii. Bastola hiyo usiipige tena mpaka mtutu wake umekaguliwa. Ielekeze upande usio na mtu, toa magazini, vuta kitelezo nyuma, toa ganda lililobaki kwenye chemba, kisha angalia chemba kwa macho na kwa kidole. Ukishahakikisha ni tupu, ifungue, utoe mtutu peke yake, uupige tochi kutoka upande wa chemba. Ukiona mwanga umepita, vizuri. Ukiona giza, basi kichwa cha risasi kimekwama humo ndani, na kazi hiyo ni ya fundi wa bunduki. Usikigonge kwa nondo, na usidhani risasi ya pili itakisukuma.

Lililotokea ni hivi. Ganda lile huenda halikuwa na baruti kabisa, au lilikuwa na chembe chache tu. Fataki iliyo kwenye kitako cha ganda ina nguvu ya kutosha kukitoa kichwa cha risasi kwenye ganda na kukisogeza inchi moja au mbili ndani ya mtutu, kikakwama. Ndiyo ile "pu" uliyoisikia. Ungekoki kwa mkono na kuvuta tena, risasi nzima iliyojaa ingekuja na kasi yake yote ikakutana na kizuizi. Hapo mtutu huvimba kama nyoka aliyemeza panya, au hupasuka. Namshukuru Mungu kwa giza la Jumamosi yako.

Umeniuliza kama ni unyevu. Baruti mpya kutoka dukani, ndani ya kopo lake, haipati unyevu kirahisi hivyo. Mimi nakuuliza swali jingine: baruti iliyokosekana kwenye ganda hilo imekwenda wapi? Mtu akikatishwa kazi, aruke ganda moja kisha arudi bila uhakika wa alipoishia, mara nyingi lililo jirani hupata mara mbili. Na hapo ndipo 9 mm ni mtego, kwa sababu baruti nyingi za bastola zinakwenda kiasi kidogo sana. Ukiweka mara mbili, ganda halimwagiki, kichwa kinakaa vizuri, na kwa nje risasi ni nzuri tu kama nyingine. Risasi zote za asubuhi ile zimeharibika mpaka ithibitike vinginevyo. Usijaribu kuzichuja kwa kuzipima uzito: maganda na vichwa vyenyewe hutofautiana uzito kiasi cha kuficha kosa la baruti. Zifungue moja moja kwa ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, hata kama ni mia mbili. Nimewahi kufanya hivyo usiku kucha kwa sababu ya risasi moja iliyonitia shaka, na katika mia na ishirini nikakuta moja tu yenye baruti maradufu. Ilikuwa ya tatu kutoka mwisho, na nilishaanza kujiambia zilizobaki ni nzima.

Sasa turudi kwa babu. Maarifa aliyokurithisha ni ya kweli, ila ni ya baruti nyingine. Ile ya gobore, baruti nyeusi, ni shura, makaa na kiberiti vilivyosagwa pamoja. Inashika moto kwa cheche ndogo kabisa na huwaka mara moja, lakini kasi yake ya kuwaka haipandi sana hata ikibanwa. Ndiyo maana mzee aliweza kukadiria kwa kiganja, leo ikazidi kidogo, kesho ikapungua, na gobore likavumilia. Hiyo uliyonayo wewe ni baruti isiyo na moshi. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884 kutokana na nitroselulosi, yaani nyuzi za mimea zilizotiwa asidi ya nitriki, na nyingine siku hizi huongezwa nitrogliserini. Tabia yake ni kinyume: ikiwa wazi huwaka kwa ulegevu, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyowaka upesi. Moto unazaa gesi, gesi inapandisha presha, presha inaharakisha moto, moto unazaa gesi zaidi. Duara hilo ndilo linaloipa risasi mwendo. Duara hilo hilo likipita kiasi ndilo linalopasua chuma.

Niliwahi kuonyeshwa na mkufunzi wangu uwanjani. Alimwaga baruti nyeusi kidogo juu ya tofali, akasogea mbali na kuiwasha kwa kijiti kirefu: fuu! moshi mweupe, na imeisha kabla hujapepesa jicho. Halafu akaweka ile isiyo na moshi, kiasi hicho hicho. Ikawaka kwa mwali wa manjano uliotambaa taratibu, kama karatasi iliyopakwa mafuta ya taa, tukasimama tukiitazama. "Hiyo hiyo," akasema, "ikiwa ndani ya chemba, inakwisha kabla kichwa hakijatoka mtutuni."

Nikupe namba uione tofauti. Tairi la gari lako lina presha ya paundi kama 35 kwa inchi ya mraba. Kikomo kilichowekwa Marekani kwa risasi ya 9 mm ni 35,000. Kwa .30-06 yako ni 60,000. Mashine yenye presha hizo unaishika mkononi, na nyingine shavu lako limeilalia. Hapo hakuna kukadiria kwa kiganja. Baruti inapimwa kwa punje, yaani kipimo cha uzito kiitwacho "grain", si chembe ya baruti, na ratili moja ina punje 7,000, kwa hiyo punje moja ni kama miligramu 65. Kosa la punje moja kwenye bastola laweza kuwa tofauti ya risasi salama na isiyo salama. Na kwa kuwa umemtaja babu: baruti hii isije ikaingia kwenye gobore hata siku moja, hata "kidogo tu kujaribu". Mtutu wa gobore haukutengenezwa kwa presha hizi.

Ukishalielewa duara hilo, utaona kwa nini sanduku lako la jeshi limenishtua kuliko makopo yenyewe. Shemeji hajakosea kuogopa. Amekosea kitu kimoja tu: baruti isiyo na moshi iliyo kwenye kopo lake la kiwandani haikai ikilipuka yenyewe, na kopo hilo limetengenezwa dhaifu makusudi. Moto ukilifikia, linaachia mapema, baruti inawaka kwa fujo, lakini haipati muda wa kujenga presha. Wewe umeyachukua makopo hayo dhaifu ukayafungia ndani ya chuma chenye mpira usiopitisha hewa. Nyumba ikishika moto, sanduku hilo ni bomu, na zimamoto ndio watakaokuwa karibu nalo. Kwa nia ya kumtuliza mkeo umetengeneza kile hasa alichokuwa anakiogopa. Kasha zito la chuma la kuhifadhia bunduki nalo ni vivyo hivyo, halifai kwa baruti. Wala chupa ya kioo, wala mtungi wa siagi ya karanga.

Yatoe leo. Tengeneza au nunua kabati la mbao, ubao wa unene wa inchi moja. Mbao hukawiza joto kufika ndani, na presha ikianza kujijenga huachia. Tia komeo na kufuli kwa ajili ya watoto, hakuna ubaya. Kanuni za moto za Marekani, zile za chama cha kukinga moto kiitwacho NFPA, zinaruhusu ratili 20 nyumbani, kama kilo 9, zikiwa kwenye makopo yake ya asili. Ukizidi hapo mpaka 50 ndipo kabati hilo la mbao linakuwa la lazima. Mimi nasema liwe nalo hata kama una ratili mbili. Fataki mwisho ni 10,000, na zisikae kabati moja na baruti. Lakini miji mingine ina viwango vya chini zaidi, kwa hiyo piga simu ofisi ya zimamoto ya mji wako uulize. Wanaulizwa hayo kila siku. Kama umepanga, soma mkataba wa nyumba na bima kabla ya kufanya lolote, maana wengine wamekataza kabisa.

Na si gerejini. Tangi la maji moto la gesi lina mwali ndani yake, na gereji ya Texas mwezi wa Agosti, nje kukiwa nyuzi 38, ndani huwa kama tanuri. Joto ndilo adui wa polepole wa baruti. Nitroselulosi hujivunja yenyewe kidogo kidogo miaka yote na kutoa asidi, kwa hiyo kiwandani huchanganya dawa ya kuimeza asidi hiyo. Joto likizidi, dawa inaisha mapema, na kuanzia hapo baruti inajila. Chumba cha ndani chenye ubaridi, kabati la nguo kwa mfano, mbali na jiko na mashine ya kukaushia nguo, ndipo pake.

Kuhusu makopo mawili ya "namba moja": hapana. Usichanganye baruti mbili kwa hali yoyote, hata zikifanana kama pacha. Namba 4895 ilikuwa ya baruti ya kijeshi ya .30-06, na baada ya Vita Kuu ya Pili Bruce Hodgdon alinunua mabaki ya jeshi akayauza kwa wawindaji, ndipo namba ikabaki kwa pande mbili, IMR na Hodgdon, ambaye ndiye ile H. Leo IMR 4895 na H4895 ni baruti mbili, kila moja na jedwali lake la vipimo, na kipimo cha moja si cha nyingine. Kwenye kitabu cha vipimo soma jina zima, herufi na namba, kisha lisome tena kwenye kopo.

Hilo lisilo na lebo hutalijua, wala mimi sitalijua, wala mzee yeyote dukani akikwambia "hii naifahamu kwa macho" usimwamini. Chembe za baruti ya bastola na za bunduki kubwa zaweza kufanana rangi na umbo, na ukitia ya bastola kwa kipimo cha bunduki kubwa, bunduki inafumuka usoni. Linamwagwa. Hata hayo mawili yenye lebo, jiulize: umeyakuta yamefunguliwa, na marehemu huwezi tena kumuuliza kama hakuwahi kurudishia humo baruti ya kopo jingine. Mimi nisingeyatumia. Ratili moja ya baruti mpya ni nafuu kuliko kidole.

Kabla ya kumwaga, fungua kila kopo ukiwa nje na uangalie. Baruti nzima ina harufu kali kidogo ya spiriti. Iliyooza inanuka asidi, inachoma pua, mfuniko kwa ndani umeota kutu, na chembe zina vumbi jekundu kama la tofali. Nimewahi kufungua kopo moja la kurithi likatoa mvuke wa rangi ya kahawia juu ya chembe. Nililiacha hapo hapo uani, nikasogea, nikawapigia zimamoto kwa namba yao ya kawaida. Wewe fanya hivyo hivyo ukiona dalili hizo, au ukigusa kopo ukalikuta lina joto. Kama ni nzima, itawanye kwa wembamba sana juu ya majani ya uani siku isiyo na mtu anayechoma nyama jirani, kisha umwagilie maji. Ina nitrojeni, majani yatakushukuru. Mbwa na watoto wakae mbali mpaka imeingia ardhini. Usiimwage chooni, wala kwenye pipa la taka.

Nimebakiza meza yenyewe. Mtu anayejaza risasi hatazami mpira. Najua ilikuwa dabi, na najua saa za huko kwenu inaangukia asubuhi, lakini ungengoja. Simu iwe chumba kingine. Anza na mashine ya hatua moja, siyo ile ya kuzunguka inayofanya mambo matano kwa mvuto mmoja wa mkono. Panga maganda kwenye kibao chenye matundu, vitako juu. Likipata baruti ndipo ligeuke mdomo juu. Yakikamilika, chukua tochi upite juu yake mstari kwa mstari ukitazama kimo cha baruti ndani ya kila ganda, na hapo tu ndipo vichwa viwekwe. Kwa bastola chagua baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo ukiweka mara mbili inamwagika na kukupigia kelele. Mizani ipimwe na jiwe lake kabla ya kuanza. Kopo moja tu la baruti mezani, na ukimaliza, baruti iliyobaki kwenye chombo cha kugawia irudi kwenye kopo lake dakika ile ile, maana kesho utakuwa umesahau ni ipi. Anza na kipimo cha chini cha jedwali. Lakini usishuke chini yake ukidhani unaongeza usalama: kuna baruti ambazo zikipunguzwa mno huleta presha ya ajabu, au hukuachia tena kichwa mtutuni.

Fataki ziogope kuliko baruti. Ndani yake kuna kemikali inayolipuka kwa kugongwa, kusuguliwa, joto, hata cheche ya umeme wa nguo za sufu wakati wa baridi kavu. Zikae kwenye trei zake za kiwandani, ambazo zimetengenezwa kuzitenganisha. Zikirundikwa pamoja kwenye kikopo, ikilia moja zinalia zote. Miwani machoni muda wote, na nasema hivi kwa sababu wengi huivaa uwanjani na kuiacha mezani. Baruti ikimwagika, fagia kwa brashi na kizoleo. Mashine ya umeme ya kufyonza vumbi ina cheche ndani ya mota.

Kuna na risasi yenyewe, namaanisha madini. Moshi wa fataki huacha vumbi la risasi ndani ya maganda yaliyotumika, na unapoyasafisha vumbi hilo huruka. Usifanyie kazi hiyo jikoni, usile chapati mezani hapo, nawa kwa sabuni na maji baridi, na badili shati kabla ya kumbeba mtoto. Watoto wadogo ndio wanaoumizwa zaidi na madini haya, kwenye akili, na hutaona dalili. Mwambie daktari wao kwamba baba anajaza risasi, wawapime damu. Nawe upime.

Moto ukitokea, usikae kupigana nao. Baruti ina oksijeni yake ndani, kwa hiyo kuifunika kwa blanketi au kuinyima hewa hakusaidii kitu. Toa watu, piga 911, uwaambie zimamoto kuna nini na kiko chumba gani.

Kwa wasomaji wa nyumbani wanaonifuata kutoka Tanzania na Kenya: haya nayaandika kwa aliye Texas, ambako sheria ya Marekani inamruhusu mtu kujijazia risasi za matumizi yake bila leseni. Akiuza ndipo anahitaji leseni. Kwetu kutengeneza risasi nyumbani bila kibali ni kosa la jinai, msije mkasema mwalimu alituruhusu. Nawe ukija likizo, baruti na fataki haziingii kwenye ndege ya abiria, si mkononi wala kwenye begi la chini.

Kuna mambo ambayo maandishi hayamalizi. Ukikuta kichwa mtutuni, fundi. Hata usipokikuta, mpelekee fundi autazame mtutu kama haujavimba. Na kabla hujajaza risasi nyingine hata moja, nenda klabu ya kulenga shabaha iliyo karibu nawe, ulizia mtu mwenye miaka mingi kwenye kazi hii, ukae naye mezani Jumamosi mbili tatu akikutazama mikono. Wengi hufanya bure. Nenda na shemeji. Ayaulize mwenyewe maswali yake, na amwonyeshe huyo mzee picha ya lile sanduku la chuma.